MIAMBA YA KUTENGENEZWA: WAVUVI WAULIZWE KWANZA

Mtu aliyekata msitu hupanda miti. Siku hizi, aliyeharibu mazalia ya samaki naye hujaribu kuyajenga upya. Mawe, zege na vyuma huzamishwa majini ili samaki wapate mahali pa kujificha na kupata chakula, na mvuvi apate riziki. Wajapani wameifanya kazi hiyo kwa karne kadhaa, na leo inafanywa pia katika pwani ya Afrika Mashariki. Fikra hii ni njema na sisi hatuibezi. Lakini lipo swali ambalo aghalabu huulizwa mwisho, wakati zege limekwisha kuzama: je, wavuvi wenyewe wanaionaje?

Msomaji wa Ngara au Biharamulo aweza kusema kuwa jambo hili ni la watu wa baharini. Si kweli. Mto Ruvubu hukutana na Kagera karibu na maporomoko ya Rusumo, na Kagera ndio mto mkubwa kuliko yote inayoingiza maji katika Ziwa Victoria. Magugu maji yaliyolisumbua ziwa hilo tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 yalipitia njia hiyo hiyo. Pwani ya Nyamirembe na Chato ilikuwa zamani sehemu ya Biharamulo, na ingawa tangu mwaka 2012 imo katika Mkoa wa Geita, ziwa halikuhamishwa. Tena kila mara samaki wanapopungua, hutokea mtu mwenye dawa mpya ya kuwaongeza. Hatuna budi basi kujua mapema dawa hii imepokewaje kwingine.

Jambo la kwanza ambalo wavuvi hulitambua upesi ni kwamba mwamba wa kutengenezwa huvuta samaki. Samaki waliokuwa wametawanyika hukusanyika mahali pamoja, na mvuvi huwapata kwa safari fupi. Furaha huwa kubwa mwanzoni. Lakini kukusanya si kuzalisha. Wataalamu wamebishana kwa miaka mingi kama miamba hii huongeza samaki kweli kweli au huwaweka tu mahali pa kuvuliwa kwa urahisi. Mvuvi hahitaji kitabu kulielewa jambo hilo: penye samaki wengi mitumbwi huwa mingi, na penye mitumbwi mingi bila utaratibu, samaki hawakawii kwisha. Mwamba usio na sheria ya kuulinda ni mtego tu.

Jambo la pili ni haki, nalo ndilo lililo zito kuliko yote. Katika Ziwa Nokoué, nchini Benin, wavuvi wana desturi ya kuchomeka matawi ya miti kwenye maji ya kina kifupi. Samaki huja kujificha na kula humo, kisha mwenye matawi huzungushia nyavu na kuvuna. Ni ujuzi wa wenyeji wenyewe, na mavuno yake ni mengi. Hata hivyo umeleta ugomvi wa miaka mingi, kwa maana mwenye matawi huyahesabu maji yale kuwa shamba lake, na maskini mwenye nyavu ya kurusha akajikuta hana pa kuirusha. Miti nayo imekatwa kwa wingi ili kulisha ziwa matawi. Matawi yale yale yaliyomshibisha mmoja yakamfungia mwingine njia.

Kule Kerala, India, mambo yalikwenda vingine. Katika miaka ya 1980 wavuvi wadogo wa kusini mwa jimbo hilo, waliokuwa wamechoshwa na matrola yaliyokuwa yakizoa samaki wao, walizamisha mawe na vitu vingine katika maeneo waliyoyachagua wenyewe. Miamba hiyo iliwapa samaki, na pia iliwasaidia kuyazuia matrola, kwani trola haliburuti nyavu mahali penye mawe. Hapa mwamba ulikuwa silaha ya mnyonge. Hata karibu nasi, huko Mkwiro katika kisiwa cha Wasini, Kwale, nchini Kenya, kazi ya kurudisha matumbawe juu ya miundo ya kutengenezwa imeshirikisha kikundi cha wavuvi na vijana wa kijiji waliofunzwa kupiga mbizi. Mwamba wa aina hiyo wanakijiji huuita wao, na mtu hulinda kilicho chake.

Jambo la tatu ni kile kinachozamishwa. Mapema miaka ya 1970, karibu na Fort Lauderdale katika jimbo la Florida, Marekani, matairi chakavu yapatayo milioni 2 yalitupwa baharini kwa nia ya kujenga mwamba. Kamba zilizoyafunga zikakatika, mawimbi yakayasukuma, nayo yakaigonga na kuiharibu miamba ya asili iliyokuwa jirani. Baada ya miongo kadhaa ikabidi wapiga mbizi watumwe kuyatoa. Mvuvi anapouliza kama kitu hicho kitamchania nyavu, au kitahama wakati wa dhoruba, huwa hapingi maendeleo. Anauliza swali ambalo wataalamu wa Florida walipaswa kuliuliza.

Ziwa letu linazo kumbukumbu zake. Sangara aliingizwa katika Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 na 1960, na hakuna mvuvi wa mtumbwi aliyetakiwa ushauri. Ilipofika miaka ya 1980 sangara alikuwa ametapakaa, viwanda vya minofu vikafuata, fedha zikaja. Lakini aina nyingi za furu zilitoweka, na nyingine hazijaonekana tena. Watu walioyaona hayo wana haki ya kuuliza maswali kabla ya kupiga makofi.

Tena mawe peke yake si dawa ya maji yetu. Miamba hufaa furu wa mawe. Sato dume huchimba kiota chake mchangani, kwenye maji ya kina kifupi, na jike huyaatamia mayai kinywani. Kambale na kamongo hutegemea vinamasi na mafunjo. Panapopita kokoro, kiota cha sato huburutwa pamoja na vifaranga. Panapolimwa hadi ukingoni mwa mto, tope la vilima huyafunika mazalia. Hakuna zege linaloweza kurudisha kinachoharibiwa kila siku kwa jembe na kokoro. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Mbacha wetu ni mafunjo ya Ruvubu na Kagera, na fukwe za mchanga ambako sato huzaa.

Yupo atakayesema kuwa wavuvi wenyewe ndio wanaotumia makokoro, hivyo kuwauliza ni kumuuliza mwizi mahali pa kuweka kufuli. Hatukatai kwamba wapo waharibifu, na sheria iwakamate. Lakini mvuvi mwaminifu huchoka kuona maji yakikatwa mipaka bila yeye kuitwa. Mwaka 2019 mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yaliunganishwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato. Uhifadhi ni jambo la lazima, lakini kila mpaka mpya humfanya mwananchi ajiulize ni wapi atapata kitoweo chake. Mwamba unaozamishwa bila mashauriano utaonekana kuwa mpaka mwingine tu, na wala hautapata mlinzi.

Kwa hiyo tunatoa wito kwa halmashauri zetu, kwa maofisa wa uvuvi na kwa yeyote atakayekuja na mpango wa namna hii. Wavuvi wachague mahali wao wenyewe, kupitia vikundi vyao vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi na mikutano ya vijiji. Wanawake wanaokausha na kuuza samaki nao wasikike, kwa maana samaki akihamia bandari nyingine biashara yao hufa kwanza. Iandikwe katika sheria ndogo nani atavua, lini, na kwa zana gani. Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi (TAFIRI) ipime samaki kabla na baada, na matokeo yasomwe mbele ya wavuvi. Mwisho, fedha ya kwanza itumike kuulinda ukingo na mafunjo. Ya mawe ifuate.

Jiwe likishazama si rahisi kulitoa. Neno la mvuvi ni vema lisikilizwe lingali nchi kavu.