Askari wa Keya walipwe haki yao

Mhariri,

Naomba nafasi nieleze uchungu wangu juu ya wazee wetu waliopigana Vita Vikuu vya Pili vya Dunia wakiwa askari wa KAR (King's African Rifles), jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, ndio tuliowaita Keya. Mwaka 1944 walipita bonde la Kabaw kule Burma, matope na malaria vikiwaandama, wakawasukuma Wajapani hadi ng'ambo ya mto Chindwin. Vita vilipokwisha, Waingereza walipanga bahshishi ya askari kwa cheo, muda wa utumishi na rangi ya ngozi. Mwafrika akapata kidogo kuliko Mzungu wa cheo kilekile. Risasi hazikuwabagua!

Babu yangu alirudi na medali na mguu mbovu. Kila alipokwenda kuulizia malipo yake aliambiwa faili halionekani. Tulimzika akiwa bado anadai.

Waliobaki hai ni wachache mno. Naiomba Serikali ya Uingereza iwalipe, wao au wajane wao, na Serikali yetu iwasemee bila kungoja kubembelezwa. Nanyi wasomaji wenye mzee wa Keya nyumbani, andikeni kikosi chake na alikopigana, mtume kwa mhariri.

Mjukuu wa Keya,
Machakos