Vikundi vya Mpakani Vinunue Skana Kwanza

Swali hili linazunguka katika vikao vya vikundi vya akiba na vya wauza nafaka, kuanzia Iyolwa hadi masoko ya Busia: tukinunua mashine ya kushughulikia karatasi zetu, tuchukue ile ya tatu kwa moja, inayochapa, kuskani na kutoa kopi, au tununue printa kivyake na skana kivyake? Wenye maduka wana jibu moja. Watakuonyesha tatu kwa moja, kwa sababu ni boksi moja, bei moja, na inapendeza mezani. Mimi nasema kikundi kinachouza mazao ng'ambo ya mpaka kitenganishe vitu hivyo viwili, na kama fedha hazitoshi, kianze na skana.

Kuna watakaouliza mwenye magunia ana shughuli gani na mashine za ofisini. Wakumbuke Machi 2021. Tarehe 5 ya mwezi huo Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, na malori yakakwama mpakani. Tarehe 10 mlango ukafunguliwa tena, lakini kwa masharti. Mwagizaji awe amesajiliwa. Mzigo uwe na cheti kinachoonyesha kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Na pawe na cheti cha uasili kinachotaja kaunti au wilaya yalikolimwa mahindi hayo. Sharti hilo la mwisho lisomeni polepole. Mahindi ya Iyolwa yalitakiwa yaseme kwa maandishi kwamba yametoka wilaya ya Tororo. Mkulima anajua yametoka wapi, jirani anajua, hata mwenye lori anajua, ila gunia halina mdomo.

Kwa mwenye mzigo mdogo mambo ni mepesi kidogo. Chini ya utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya, bidhaa zilizomo katika orodha iliyokubaliwa, zilizozalishwa ndani ya nchi wanachama na zenye thamani isiyozidi dola 2,000, husafiri kwa Cheti Rahisi cha Uasili wa Bidhaa kinachotolewa hapo hapo mpakani. Tangu 2014 Mkenya na Mganda wanavuka kwa kitambulisho cha taifa tu. Kituo cha Huduma kwa Pamoja cha Busia, kilichozinduliwa na marais wa nchi zote mbili Februari 2018, kimeweka maofisa wa pande zote mbili chini ya paa moja. Haya ni mafanikio, na anayeyabeza hajawahi kupanga foleni mara mbili juani. Lakini kila hatua kati ya hizo bado inaishia kwenye karatasi: kitambulisho, cheti, risiti, orodha ya mzigo, na kwa mazao, cheti cha afya ya mimea.

Hizo karatasi zinatengenezewa wapi? Wengi wetu tunatoka kijijini mikono mitupu, tunafika mpakani asubuhi, ndipo tunaanza kutafuta kopi. Kitambulisho kilekile kimepigwa kopi mwezi uliopita, na mwezi wa kabla yake. Siku ambayo umeme umekatika, au foleni ni ndefu, mama anatoa kopi ya zamani iliyotokana na kopi nyingine, uso umekuwa doa jeusi na namba haisomeki. Ofisa anairudisha: "Mama, hii haionekani." Hapo ndipo anapotokea kijana mwenye maneno matamu, anayejua njia ya haraka. Tukisema njia za panya, tunafikiria mtu anayekwepa ushuru usiku. Wapo pia waliosukumwa huko saa nne asubuhi na karatasi isiyosomeka, wakiwa na mzigo ambao sheria ingewaruhusu kuupitisha mlangoni.

Ndiyo maana nasema skana kwanza. Ukikiskani kitambulisho vizuri mara moja, pande zote mbili, na kukihifadhi, umemaliza kazi ya kopi kwa miaka. Ukihitaji nakala, unachapa kutoka kwenye faili, na nakala ya ishirini ni safi kama ya kwanza. Cheti cha mzigo kikikabidhiwa kwa mwenye lori, picha yake inabaki kwa kikundi. Mnunuzi aliye Bungoma au Kisumu akitaka kuona karatasi kabla hajatuma fedha, anatumiwa kwa simu. Kwa maandishi ya kawaida nukta 300 kwa inchi zinatosha kabisa. Wanaoskani kwa nukta 1,200 wanapata faili nzito ambalo mtandao wa kijijini utalivuta mpaka jioni.

Sasa nirudi kwenye ugomvi wa mashine. Skana ya kioo haina mengi ya kuharibika. Ina taa ndogo, kamba ya kuivuta, na kioo cha kufuta. Haili wino wala haimezi karatasi. Ikilindwa na vumbi na kuanguka, itadumu miaka mingi. Printa ni mnyama mwingine. Kila karatasi inayopita inakwaruza roli, kila rangi inayotoka inapunguza tanki au tona, na kichwa cha wino kikikaa wiki mbili bila kazi wakati wa joto huanza kuziba. Hata zile printa za matanki, zilizopendwa sana kwa sababu wino wake ni wa bei nafuu, zina sponji ndani inayofyonza wino wa kusafishia kichwa. Mashine inahesabu, na hesabu ikifika kikomo inagoma kuchapa hadi fundi aje.

Tatu kwa moja inakifunga hicho kinachodumu pamoja na hicho kinachochoka. Roli ikivunjika, unabeba mashine nzima kwa fundi Tororo mjini, na skana yako nzima, isiyo na kosa lolote, inapanda boda boda pamoja nayo. Kuna mashine ambazo hukataa hata kuskani kama wino umekwisha, ingawa kuskani hakuhitaji tone la wino. Mwaka 2021 mnunuzi mmoja wa Marekani aliishtaki Canon mahakamani kwa malalamiko ya aina hiyo hiyo. Ikiwa mtu mwenye duka la wino mtaa wa pili aliona jambo hilo ni la kwenda mahakamani, sisi ambao katriji inaweza kutugharimu nauli ya kwenda na kurudi mjini tuseme nini?

Watetezi wa tatu kwa moja wana hoja moja nzito, na siwezi kuipita kimya. Mashine hiyo hutoa kopi bila kompyuta. Unaweka kitambulisho, unabonyeza kitufe, basi. Printa na skana zilizotengana zinahitaji kompyuta katikati, na mtu anayejua kuitumia. Kwa mwenye kibanda cha kopi kando ya barabara, ambaye wateja wake hawajuani na kila mmoja anataka kopi mbili aondoke, kitufe hicho ndicho riziki yake. Huyo anunue tatu kwa moja, na akipata nafuu anunue ya pili ya akiba. Hata mfanyabiashara wa peke yake, mwenye karatasi kumi kwa mwezi na meza ndogo nyumbani, sina ugomvi naye.

Kikundi ni jambo jingine. Kikundi chenye wanachama thelathini kinawajua watu wake, na karatasi zake zinajirudia: vitambulisho vilevile, barua ileile ya usajili, vyeti vya msimu hadi msimu. Kazi yake kubwa ni kutunza, na kuchapa kunafuata. Tena siku ya soko, mmoja anaweza kuwa anaskani risiti huku printa ikitoa orodha ya mzigo wa mwingine, jambo ambalo mashine moja mara nyingi haifanyi bila kusubirishana. Kompyuta itahitajika tu hata hivyo, maana maombi ya vibali siku hizi yanajazwa kwenye mtandao, pande zote mbili za mpaka.

Halafu kuna umeme. Katika vituo vya biashara vya mashambani, saa ambayo unauhitaji ndiyo saa unayokatika. Skana nyembamba zinazopata nguvu kupitia waya wa USB hazizidi wati 2.5 au karibu na hapo, na zinaendeshwa na betri ya kompyuta mpakato. Umeme ukikatika, kuskani kunaendelea. Printa ya wino hutumia kama wati 10 hadi 30 ikiwa kazini, kwa hiyo inverta ndogo ya sola inaibeba. Printa ya leza, inapopasha moto roli yake, huvuta wati mia kadhaa, na nyingine hupita 1,000 kwa muda mfupi. Ukiichomeka kwenye inverta ndogo utasikia mlio, kisha giza. Kwa hiyo penye umeme wa uhakika kiasi, nachagua leza ya rangi nyeusi tu, kwa kuwa tona ni unga, haikauki hata mashine ikikaa mwezi mzima bila kuguswa. Penye sola pekee, printa ya matanki, na mtu apewe jukumu la kuchapa ukurasa mmoja wenye rangi zote kila wiki ili kichwa kisizibe. Rangi kwa karatasi za mpakani ni anasa, lakini kichwa cha printa hakijui hilo.

Simu je? Ni kweli simu ya kawaida yenye programu ya kuskani inatosha kwa risiti na barua, na nawashauri wote waitumie. Kwa kitambulisho na vyeti vyenye mhuri nataka kioo. Picha ya simu ina kivuli cha kidole, imepinda pembeni, na mhuri wa bluu unageuka kijivu. Tena simu huibwa, huanguka majini, na hubadilishwa kila mara.

Hapo panaleta jambo ambalo vikundi hulisahau. Mkishakusanya vitambulisho vya wanachama thelathini ndani ya kompyuta moja, mmebeba amana. Uganda na Kenya zote zilipitisha sheria ya kulinda taarifa binafsi mwaka 2019, na hata bila sheria, nakala ya kitambulisho cha mtu ikifika mkononi mwa tapeli inaweza kumletea deni asilolijua. Kompyuta iwe na neno la siri, ajulikane nani analo, na mwanachama akitoka kwenye kikundi, karatasi zake zifutwe mbele yake. Mkilazimika kuipeleka kompyuta kwa fundi, toeni mafaili hayo kwanza. Hilo nalihesabu kuwa muhimu kuliko jina la kampuni lililoandikwa kwenye mashine.

Mwisho kuna swali la wapi pa kununua, Kampala au Nairobi. Wengi wanavutwa na bei za Nairobi na wanadhani kwa kuwa tuko Jumuiya moja, printa itavuka kama mahindi. Cheti Rahisi cha Uasili hakiihusu, kwa sababu haikutengenezwa ndani ya Jumuiya. Forodha wenyewe wanazitofautisha mashine hizi: ya kazi nyingi inayounganishwa na kompyuta iko namba 8443.31, printa pekee 8443.32, na skana huangukia kundi la vifaa vya kompyuta, 8471.60. Ukiwa mpakani taja kitu chako kwa usahihi na uwe na risiti halali, ukijua kwamba kodi ya ongezeko la thamani ni asilimia 18 Uganda na 16 Kenya. Kabla hujatoa hata shilingi, uliza mambo mawili: tona au wino wa mashine hiyo unauzwa Tororo au Busia, au unaagizwa kutoka mbali? Na dhamana uliyoandikiwa upande mmoja, fundi wa upande wa pili ataikubali? Muuzaji akijibu la kwanza kwa kusema "itapatikana tu", mwambie akuonyeshe boksi la tona hapo dukani, na mlinunue pamoja na mashine.