Usiharakishe kugeuza kiti cha mtoto garini

Mtoto anapotimiza mwaka mmoja mambo mengi hubadilika nyumbani. Ananunuliwa viatu, anaanza kula ugali na wenzake, na jamaa wanakuja kukata keki. Katika familia zenye gari kuna jambo jingine ambalo wazazi wengi hulifanya bila kufikiri sana. Kile kiti chake cha garini, ambacho tangu azaliwe kimekuwa kikitazama nyuma, hugeuzwa kitazame mbele.

Nami nilikuwa karibu kufanya hivyo. Desemba iliyopita tulikuwa tukijiandaa kumrudisha mavyaa wangu Kakamega, tukale Krismasi huko. Binti yetu alikuwa na umri wa miezi 16. Miguu yake ilikuwa imefika kwenye kiti cha nyuma cha gari, ikambidi aikunje. Mavyaa alipomwona alisikitika sana.

"Mama Zawadi, mtoto huyu mnamtesa," akasema. "Mgeuzeni aone njia, ama nipeni mimi nimpakate."

Mume wangu alinitazama, nami nikainama. Ni nani apendaye kubishana na mama mkwe asubuhi ya safari? Lakini nilikumbuka ni barabara ipi tuliyokuwa tukiiendea. Ni ile ipitayo Salgaa, mahali ambapo Wakenya wengi wamepoteza maisha.

Hebu fikiria kinachotokea gari linapogonga kitu kwa mbele. Gari husimama ghafla, lakini miili iliyomo ndani huendelea kwenda. Mtoto anayetazama mbele hushikwa na mishipi mabegani na kiunoni, ila kichwa chake hakishikwi na chochote. Hurushwa mbele, na shingo ndiyo inayokizuia. Kichwa cha mtoto ni kikubwa mno kikilinganishwa na mwili wake. Anapozaliwa huwa karibu robo ya urefu wake wote. Nayo mifupa ya shingo bado ni laini, haijaungana ikakomaa kama yetu.

Akiwa ametazama nyuma, mgongo, shingo na kichwa huegemea kiti kwa pamoja, na kishindo hugawanyika mgongoni kote. Profesa Bertil Aldman wa Uswidi alitengeneza kiti cha kwanza cha namna hiyo kwa majaribio mwaka wa 1964, baada ya kuona jinsi wanaanga wa Marekani walivyolazwa chali ili waistahimili nguvu ya roketi. Hadi leo wazazi wengi wa Uswidi huwaacha watoto wao wakitazama nyuma mpaka wafikishe miaka 4.

Je, ni lini basi umgeuze? Madaktari wa watoto wa Marekani walishauri mwaka wa 2011 kwamba wazazi wangoje hadi miaka 2. Mwaka wa 2018 waliuondoa umri huo, wakasema mtoto akae hivyo kwa muda wote ambao kiti chake kinaruhusu. Kwa hivyo usihesabu keki za siku ya kuzaliwa. Soma kibandiko kilicho ubavuni mwa kiti, uone mwisho wa uzito na urefu. Kisha tazama kichwa chake. Kikikaribia ukingo wa juu wa kiti, hapo amekua na kiti hicho hakimtoshi.

Miguu iliyokunjwa isikutie wasiwasi. Watoto hukaa wamekunja miguu hata mkekani. Tena mguu ukivunjika hufungwa plasta ukapona. Shingo sivyo.

Ama kumpakata, ndugu msomaji, ni hatari kubwa zaidi. Gari la mwendo wa kilomita 50 kwa saa likigonga na kusimama papo hapo, mtoto wa kilo 12 huvuta mikono ya aliyempakata kwa nguvu inayokaribia uzito wa magunia mawili ya mahindi. Hakuna nyanya awezaye kuyazuia, hata awe na mapenzi kiasi gani.

Mambo mengine ni haya. Kiti kinachotazama nyuma kamwe kisiwekwe mbele ya mfuko wa hewa unaofanya kazi, kwa maana ukifumuka unaweza kumwua mtoto. Msimu wa baridi ya Julai, mvue sweta nzito kabla ya kumfunga, kisha umfunike kwa shuka. Mshipi ubane hivi kwamba huwezi kuufinya ukakunjika begani. Na ukiuziwa kiti kilichotumika, uliza kama kimewahi kuwa katika ajali. Muuzaji asipojua, kiache.

Nilimweleza mavyaa hayo yote kwa upole, nikimwita Mama kama kawaida yangu. Alinyamaza kwa muda. Kisha akasema, "Basi mwacheni alivyo. Lakini nitakaa kando yake."

Akaketi nyuma, uso kwa uso na mjukuu wake, akimwimbia. Tulipofika Naivasha mtoto alikuwa amelala, na nyanya pia.

Wahenga walisema ajali haina kinga. Ni kweli huwezi kumzuia dereva mlevi anayekujia upande wenu wa barabara. Lakini shingo ya mwanao unaweza kuikinga, tena kwa kutofanya lolote. Kiache kiti kama kilivyo.

Tukutane Jumapili ijayo.