Banda umiza lifundishe hesabu



Ubongo Kids, katuni iliyoanza kuonyeshwa TBC1 mwaka 2014, inafundisha hisabati na sayansi kwa hadithi na nyimbo za Kiswahili. Huku Choma cha Nkola, wilayani Igunga, kikwazo ni bando. Mzazi anayesubiri mpunga uuzwe hawezi kununua la kuitazama YouTube kila siku. Vijana wanaorusha nyimbo kwenye simu wana singeli zote. Somo la sehemu na desimali hawana! Banda umiza nalo, yaani banda la kuonyeshea mechi na video, ambalo walimu hulilaani (mara nyingi kwa haki), lina skrini kubwa na spika. Wenye mabanda, Jumamosi kabla ya mechi, wawekeeni watoto nusu saa ya katuni hiyo, bure.

Mzazi,
Choma, Igunga