Picha ya Ubongo Si Hati ya Dhamana

HABARI kwamba picha za ubongo zinaweza kutabiri mafanikio ya upasuaji wa ugonjwa wa Parkinson ni njema. Hata hivyo, mwekezaji mdogo anayevutwa na habari hizo kununua hisa hana budi kuuliza kwanza: utabiri huo ulifanywa kabla ya upasuaji au baada yake?

Tiba yenyewe si ngeni. Mwaka 1987 mjini Grenoble, Ufaransa, Dk. Alim-Louis Benabid alianza kutuliza mitetemeko kwa umeme unaopelekwa ndani ya ubongo kwa nyaya nyembamba. Betri hufichwa chini ya ngozi ya kifua. Marekani iliidhinisha tiba hiyo kwa mitetemeko mwaka 1997, na kwa dalili nyingine za Parkinson mwaka 2002. Leo wauzaji wakubwa wa vifaa hivyo ni Medtronic, Abbott na Boston Scientific, na hisa za makampuni yote matatu huuzwa New York.

Tatizo ni kwamba wagonjwa hawanufaiki sawa. Mwaka 2017 watafiti walichapisha hesabu iliyotokana na wagonjwa 51 wa Berlin, wakaijaribu kwa wengine 44 wa Würzburg. Makadirio ya nafuu yalikosea kwa wastani wa asilimia 15 hivi. Ni kazi ya kusifiwa, kwani ilipimwa kwa wagonjwa wasiohusika katika kuitengeneza.

Lakini hesabu hiyo ilianzia mahali nyaya zilipokwisha kuwekwa. Inamsaidia daktari kujua wapi pa kuziweka; haimwambii nani asipasuliwe. Kwa swali hilo madaktari bado hutegemea kipimo cha zamani na cha bei nafuu: mgonjwa hupewa dawa ya levodopa, wakaona anapata nafuu kiasi gani. Picha isiyokishinda kipimo hicho haina soko la maana.

Aidha, picha itakayomzuia mgonjwa asiyefaa itaokoa fedha za bima na za familia, lakini itampunguzia muuzaji wa vifaa mteja mmoja. Mwekezaji aulize nani atalipia utabiri huo.

Biashara asubuhi, jioni mahesabu. Hisa mbovu inaweza kuuzwa kesho yake kwa hasara; mgonjwa aliyetobolewa fuvu bila manufaa hana soko la kurudishia alichonunua.