WOKOVU SI KUFUNGA MDOMO

Ndugu msomaji, kuna wimbo ambao watawala wa nchi hii hawauchoki: "Msichanganye dini na siasa!" Askofu akisema Katiba imechakaa, wimbo unapigwa. Mchungaji akiuliza waliotekwa wako wapi, wimbo unapigwa kwa sauti ya juu zaidi. Lakini ngoja Jumapili ya harambee. Mheshimiwa yule yule anakaa kiti cha mbele, anapewa kipaza sauti, anatoa bahasha na kuomba kura kwa mafumbo. Siku hiyo dini na siasa hazijachanganyika. Siku hiyo eti ni ushirikiano!

Wewe kijana wa Kayanga, Omurushaka au Nkwenda, na wewe uliyetoka huko ukaja kubangaiza Mwanza na Dar es Salaam, usikubali danganya toto hii. Historia ya Karagwe na Kyerwa, iliyokuwa wilaya moja hadi mwaka 2012, inawaumbua.

Tuanze mwanzo. Pande hizi za magharibi ya Ziwa Victoria, Injili ya Kiprotestanti haikumsubiri mzungu. Wahaya waliokwenda Uganda walijifunza kusoma huko, wakarudi na vitabu, wakafundishana wao kwa wao. Wamisionari wa Bethel kutoka Ujerumani walipofika Bukoba mwaka 1910 walikuta waumini tayari. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipowaondoa Wajerumani hao, kanisa halikufa. Wenyeji walilishika. Anayekwambia kanisa ni mali ya wageni, lisiguse mambo ya wenye nchi, mwambie akasome upya.

Kisha ukaja moto. Miaka ya 1930, huko Gahini nchini Rwanda, ng'ambo ya mto Kagera, ulizuka uamsho uliosambaa Uganda, Kenya na kwetu. Waliouingia waliitwa Balokole, yaani waliookoka. Hebu fikiri walichokuwa wakifanya. Mtu alisimama mbele ya kadamnasi na kutaja dhambi yake kwa jina. Aliyeiba alirudisha alichoiba. Mmisionari mzungu alimwomba radhi Mwafrika kwa dharau yake, na Mwafrika akamwomba radhi mzungu kwa chuki yake. Hayo yalitokea katikati ya ukoloni, wakati Mwafrika alitakiwa asimame na kofia mkononi!

Katika uamsho huo alilelewa Josiah Kibira wa Bukoba, ambaye mwaka 1977 alichaguliwa kuwa Mwafrika wa kwanza kuwa Rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani. Kutoka katika mapokeo hayo hayo ya Kilutheri ikatoka Hospitali ya Nyakahanga, ambayo kwa miaka mingi ndiyo iliyokuwa hospitali teule ya wilaya ya Karagwe. Hapo serikali haikusema dini isichanganywe na siasa. Kanisa likitibu mwananchi, linapigiwa makofi. Likiuliza kwa nini mwananchi huyo anaendelea kuwa maskini, linaambiwa linavunja amani.

Lakini tuseme ukweli wote, maana gazeti linalosifu tu ni tarumbeta. Uamsho nao ulikuwa na udhaifu wake. Wengi wa waliookoka waliiona siasa kuwa uchafu wa dunia. Walirudisha shilingi ya jirani, wakawaachia wengine hazina ya taifa. Walitubu ugomvi wa nyumbani, wakanyamazia dhuluma ya bomani. Na unapomwachia mwizi nyumba kwa sababu hutaki kuchafuka, usishangae ukikuta milango imeng'olewa.

Tazama majirani zetu wawili. Uganda, Askofu Mkuu Janani Luwum, Mlokole halisi, hakunyamaza. Februari 1977 yeye na maaskofu wenzake walimwandikia Idi Amin barua kupinga mauaji na ukatili wa askari wake. Siku chache baadaye, tarehe 16, Luwum akauawa. Oktoba 1978 majeshi ya Amin yalivuka mpaka na kuingia Kagera. Wazee wetu wanayakumbuka mabomu. Kumbe Luwum alikuwa akitupigia kengele sisi sote.

Rwanda mambo yalikwenda kinyume. Katika nchi ile ile ya uamsho, wakuu wengi wa makanisa, Wakatoliki kwa Waanglikana, walizoea kula meza moja na watawala. Ilipofika Aprili 1994 sauti ya kukemea haikuwapo, au ilikuwa imechelewa. Watu walikimbilia makanisani wakidhani ni kimbilio, wakachinjiwa humo humo. Katika siku 100 walikufa watu zaidi ya 800,000. Mto Kagera, unaopita mpakani mwa Karagwe na Kyerwa, ulibeba maiti hadi Ziwa Victoria, na wakimbizi wakajaa katika makambi ya Ngara na Karagwe. Wapo waumini waliokataa kubaguana wakafa pamoja. Hao tunawaheshimu. Lakini mkuu wa kanisa aliyezoea bahasha ya mtawala hakuweza kumwambia mtawala "acha".

Ndugu msomaji, sasa rudi nyumbani. Mkulima wa kahawa Kaisho au Nyaishozi anabanwa na ada ya shule au ugonjwa. Anakuja mwenye fedha, ananunua kahawa ikiwa bado ua mtini kwa bei ya kutupa. Hiyo ndiyo butura. Kila mwaka viongozi huilaani majukwaani, na kila mwaka maskini huuza jasho lake kabla halijamtoka. Je, hiyo si dhambi ya kutajwa madhabahuni? Au dhambi ni pombe ya mlalahoi peke yake?

Wanaothubutu kusema wanajulikana. Askofu Benson Bagonza wa Dayosisi ya Karagwe amesema na kuandika waziwazi juu ya Katiba mpya na haki katika uchaguzi. Machi 2018 maaskofu wa KKKT walitoa waraka wa Pasaka uliogusa uhuru wa watu na Katiba. Miezi michache baadaye ikaja barua ya serikali ikiwapa siku 10 waufute. Kelele zilipozidi, waziri akaikana barua hiyo! Juni 2025 serikali ikalifutia usajili kanisa la Askofu Josephat Gwajima, siku chache baada ya yeye kukemea utekaji. Naye wakati huo alikuwa mbunge wa CCM. Kama aliye ndani ya nyumba haachwi kusema, wewe wa barazani utaachwa?

Tunasema hivi. Kwa wachungaji: bahasha ya mwanasiasa ipokeeni kama mnavyopokea sadaka ya mtu yeyote, bila kumkabidhi madhabahu. Kwa watawala: mkitaka kanisa lisiguse siasa, ninyi kwanza msiende kutafuta kura kanisani.

Na kwako wewe kijana. Tunakuona kwenye mikutano ya miujiza, mfukoni una nauli ya kurudi tu, unaambiwa ununue mafuta ya upako ili upate kazi. Hatukukatazi kuomba. Omba! Lakini kazi yako haikuchukuliwa na pepo. Ilichukuliwa na mtu mwenye jina, ofisi na sahihi. Wazee wako walioguswa na uamsho hawakununua mafuta ya mtu. Walisimama wakasema ukweli, wakarudisha cha watu. Wewe dai kitu hicho hicho kwa wakubwa: wasimame hadharani, wataje walichochukua, wakirudishe. Jiandikishe, piga kura, ilinde kura yako kwa amani, na ukiambiwa unachanganya dini na siasa, jibu kwamba wizi ni dhambi hata ukifanywa na mheshimiwa.

Balokole walianza kwa kutubu dhambi zao wenyewe. Viongozi wetu nao waanze hapo.