Niko kwenye dozi tangu 2016

Mimi ni mzaliwa wa Kileo, na jina hilo limeniponza zaidi ya mara moja. Kileo ni kata ya Wilaya ya Mwanga, huku tambarare chini ya milima ya Upare ya Kaskazini. Siku moja nakwenda Moshi kwa pikipiki, askari akanisimamisha, akauliza natoka wapi. "Kileo, afande." Akainama, akaninusa, akasema, "Ndiyo maana." Ilikuwa saa tatu asubuhi, tumboni nina chai na kiporo cha makande. Angekuwa mtu wa vitabu angecheka zaidi, kwa sababu sheria ya mwaka 1966 inayokataza kutengeneza gongo bila leseni haiiti gongo, inaiita moshi. Kisheria, basi, nilikuwa natoka kwenye kileo nakwenda kwenye moshi.

Nina mashine ya kusaga. Mwenye mashine husikia mengi, maana watu wakingoja debe lao liishe huzungumza kwa sauti ya kuishinda injini, na injini ikizimika ghafla siri ya mtu inabaki hewani. Hapo ndipo nimesikia kwa nini watu wanakunywa. Mawazo. Uchovu. Mke. Kukosa mke. Mvua imekataa, mahindi yamenyauka. Mvua imekubali, mahindi yamepata bei. Mwaka wa njaa na mwaka wa neema, baa ni ileile na waliokaa ni walewale.

Nimekunywa kwa miaka zaidi ya ishirini, kwa hiyo sisemi kama mtu wa pembeni. Mawazo yapo, na wapo wanaokunywa kweli ili wapate usingizi. Hao ni wagonjwa, wanahitaji mganga na mtu wa kukaa nao, si makala ya gazeti. Lakini wengi wetu hatulewi kwa sababu ya mawazo. Tunalewa kwa sababu ya ofa.

Mnakaa wanne. Hukuja kulewa, umekuja kunywa moja kisha urudi nyumbani ule ugali wako ungali wa moto. Mwenzako anamwita mhudumu, anazungusha kidole hewani juu ya meza: "Wape kama walivyo." Maneno matatu tu. Sasa umekunywa cha mtu, huwezi kuinuka. Anafuata wa pili, naye kidole kinazunguka. Wa tatu naye. Zamu yako inapofika chupa ya nne iko mkononi, na ukiondoka bila kutoa ya kwako wewe ni mchoyo. Na sisi Wapare, jamani, kwa ubahili tumeshasemwa vya kutosha nchi nzima. Nadhani nimelewa mara nyingi zaidi kwa kuogopa kuitwa Mpare bahili kuliko kwa kiu. Halafu anatokea wa tano, shemeji wa mtu, ameshuka na basi la Dar, ana hela na hajawaona siku nyingi. Hesabu inaanza upya. Zile ambazo hujazifikia zimepangwa mbele yako, zinatoka jasho, zinakutazama. Hakuna aliyekulazimisha. Hakuna aliyekuuliza pia.

Asiye na hela ya bia anatoa ofa ya gongo, na hapo ndipo ukarimu unapoua. Pombe ya magendo ikiwa na methanoli, mwili huigeuza kuwa asidi inayoharibu mshipa wa jicho; anayepona anaweza kupona akiwa kipofu. Nairobi, Novemba 2000, pombe ya namna hiyo iliua watu zaidi ya 100 mitaa ya mabanda. Februari 2024 ikaua tena hukohuko Kenya, Kirinyaga. Mlevi wa Kileo haamini kwamba yale yanaweza kufika kwake, kwa sababu anamjua mpikaji wake kwa jina na wametoka kanisa moja.

Msinielewe vibaya, sisemi zamani watu hawakulewa. Walilewa sana. Mama mkubwa wangu alikuwa mpikaji wa dengelua, na mimi ndiye niliyembebea miwa. Ilikatwa asubuhi, ikamenywa, ikatwangwa kwenye kinu, ikakamuliwa mpaka makapi yakawa makavu kama kamba. Maji yale yalitiwa kwenye mtungi pamoja na vipande vya tunda la mwegea lililokaushwa, mtungi ukasogezwa karibu na meko, ukafunikwa. Tulikatazwa kuufunua, lakini hakuna aliyetukataza kuweka sikio: dengelua ikianza kuiva inanong'ona. Ikiiva ilinywewa, na ilinywewa yote, kwa sababu ikizidi kulala inachachuka na hakuna atakayeigusa. Mtungi ukiisha umeisha. Hata uwe na hela ya kununua ng'ombe, hakuna nyingine mpaka miwa mingine ikatwe. Babu aliyelewa alilewa siku ya mtungi, akarudishwa nyumbani na wajukuu huku anaimba, na kesho yake hakuwa na cha kuzimulia hata angetaka.

Kuna jambo la kitaalamu hapo ambalo mama mkubwa hakulisoma popote lakini alilitegemea. Kinachogeuza sukari kuwa pombe ni hamira, na hamira yenyewe hulemewa na pombe iliyoitengeneza. Ikikaribia asilimia 15 au zaidi kidogo, inakufa. Kwa hiyo chochote kinachochachuliwa mtungini, dengelua, mbege ya Wachaga, mnazi wa pwani, kina mpaka wake, na kina siku yake. Gongo limeuruka mpaka huo kwa moto na bomba. Bia ya kiwandani imeiruka siku: inakaa miezi kwenye kreti bila kuchacha. Mtungi ulikuwa na kitako. Friji ya baa haina. Tabia ya kunyweshana tumeirithi vilevile kutoka kwa wazee, mtu asinywe peke yake na mgeni asikae mkono mtupu, ila tumeihamishia mahali ambapo pombe haiishi.

(Mama mkubwa alisomesha watoto watatu kwa mtungi ule. Anayetaka kumlaumu mwanamke anayepika pombe aanze kwa kumwonyesha ada itatoka wapi.)

Sasa niseme langu. Mwaka 2016 tulifiwa na mjomba. Mimi ndiye niliyewekwa kushika daftari la rambirambi, maana mwenye mashine anaaminika kwa hesabu. Jioni ya mazishi nilikuwa na shilingi 186,000 kwenye mfuko wa nailoni, nimeufunga fundo, nimeutia ndani ya koti. Njiani kuna wenzangu wamekaa. Wakanipa pole. Pole ya mwanaume huku kwetu inakuja na chupa, na chupa ya pole huikatai. Ikaja ya pili. Baada ya hapo nami nikanyanyua kidole. Nakumbuka kidole. Mengine nasimuliwa.

Asubuhi mama watoto alikuwa ameketi kwenye kigoda, mfuko umefunguliwa, noti amezipanga kwa rangi sakafuni na daftari liko pembeni. Hakupiga kelele. Alihesabu mara ya pili mbele yangu, polepole, akilowesha kidole gumba kwa ulimi. Ikawa 112,500. Akasema, "Baba Neema, marehemu naye alikunywa ngapi?"

Nimetukanwa na watu wengi maishani, lakini sijasikia neno lililonikata kama lile. Niliuza mbuzi wawili kabla ya kikao cha ukoo cha saa nane, nikarudisha pengo, na kikaoni wakanishukuru kwa kutunza hesabu vizuri. Ile shukrani ndiyo iliyoniachisha pombe. Kumbukeni sikuibiwa hata senti moja. Nilitoa ofa.

Watu huniuliza kama kunywa ni busara, wakitegemea nitasema "kidogo si mbaya." Zamani nami nilisema hivyo. Tufanye hesabu ya mashine. Bia ya nusu lita yenye kilevi cha asilimia 5 ina gramu kama 20 za pombe tupu. Ini la mtu mzima, kwa wastani, humaliza gramu 7 hadi 10 kwa saa, na kahawa au kuoga maji baridi hakuliharakishi. Chupa moja basi ni saa mbili au tatu za kazi. Zile nne za ofa ni saa nane mpaka kumi na moja. Ukiweka chini ya mwisho saa sita usiku, saa moja asubuhi unapowasha bodaboda kupeleka watoto wa watu shule, huenda huna "uchovu wa jana" tu. Huenda bado una pombe mwilini. Hunukii, huyumbi, lakini imo.

Yapo na makubwa zaidi. Tangu 1988 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani wameiweka pombe kwenye kundi la kwanza la vinavyosababisha saratani, lilelile la tumbaku. Januari 2023 Shirika likasema wazi kwamba hakuna kiwango cha pombe kisicho na hatari kwa afya. Mwaka 2019 pombe ilichangia vifo milioni 2.6 duniani. Naandika haya kwa sababu ni kweli, ingawa najua hayamtoi mtu kwenye kiti. Sijaona hata mmoja, pale Kileo, aliyesukuma chupa pembeni kwa ajili ya takwimu. Kwa hiyo jibu langu ni kwamba si busara, na anayeweza kuishia moja ana bahati ambayo asiifanye kuwa mahubiri kwa wengine.

Serikali nayo imejaribu. Tuna Sheria ya Vileo tangu 1968, yenye leseni zake na saa zake. Tarehe 1 Machi 2017 viroba vya plastiki vya pombe kali vikapigwa marufuku, na kwa hilo naipongeza bila kinyongo, kwa sababu kiroba kilikuwa kinaingia hata kwenye soksi ya mwanafunzi. Vichupa vidogo vilivyofuata angalau vinaonekana. Wakenya walitunga sheria yao kali mwaka 2010. Zote hizo zinamtazama muuzaji. Hakuna inayomtazama mtu anayezungusha kidole juu ya meza, na wala sitaki itungwe, maana nani atamkamata shemeji aliyetoka Dar?

Nilichogundua baada ya kuacha ni kwamba kuacha chupa ni rahisi kuliko kukataa chupa. Jirani zangu Waislamu wa Usangi na Ugweno wana jibu: "Mimi Muislamu," na mazungumzo yanahamia kwenye mpira. Wasabato, ambao walianzia Tanzania huku kwetu milimani, kule Giti, Upare ya Kusini, mwaka 1903, nao wanalo. Neno moja na mtu ameachwa kwa amani, hata kama mwenyewe ukimwuliza kando atakwambia hanywi kwa sababu tumbo linamsumbua. Mimi ni Mlutheri. Mlutheri asiyekunywa anaulizwa maswali. Umeokoka? Umeroga watu unaogopa kusema? Mkeo amekukataza? Unatudharau? Na kama ukisema tu "sipendi," mtu anacheka na kumwita mhudumu.

Kwa hiyo nikajifunza uongo ambao kila mwanaume wa nchi hii anaujua: "Niko kwenye dozi." Dozi inaheshimika. Ukisema dozi hakuna anayebishana. Wanaguna, wanakupa pole, wanakuagizia soda. Mwanzo niliitumia kwa wiki moja, kama malaria. Sasa inapita miaka, na dozi haijaisha. Najua yanayosemwa. Kuna aliyemwuliza mke wangu kwa upole kama tunahudhuria kliniki, kuna mwingine alimwambia fundi wangu kwamba bosi amekonda. Nimeacha wafikiri. Nimepima uzito: nimeongezeka kilo nne.

Lakini tujiulize ni meza ya namna gani ambayo mtu mzima, mwenye mashine yake na wajukuu wake, anaona ni afadhali ashukiwe ugonjwa kuliko aseme hapana. Kijana wangu wa mashine ana miaka ishirini na miwili na juzi, siku ya mshahara, nilimsikia kwenye simu akimwambia mwenzake, "Aah, kaka, niko kwenye dozi." Nikamwangalia. Akacheka, akageukia mfuko wa mahindi. Hajawahi kuumwa tangu aanze kazi kwangu.

Msomaji, kama wewe ndiye mwenye kidole, naomba jambo moja tu. Kabla hujasema "wape kama walivyo," zunguka meza uwaulize mmoja mmoja, kisha unayeambiwa "inatosha" usimwulize mara ya pili. Na ukipita Kileo ukanikuta barazani, karibu. Niagizie soda ya tangawizi, iwe baridi, na usiniulize naumwa nini.